Nusu Kidonge na Shikamoo ya Rehema

Mimi si mtu wa subira, na nalisema hili mapema ili mzazi mwenzangu unayesoma usije ukadhani umekutana na baba wa mfano. Hata sasa ninavyoandika nimeshainuka mara tatu kwenda kuangalia kama Rehema yuko pale nilipomwacha. Yupo. Anachambua mbegu za alizeti kwenye ungo, mbegu ambazo hazina haja ya kuchambuliwa. Nimerudi kukaa, na najua nitainuka tena.

Rehema ni binti yangu wa kwanza, ana miaka kumi na mitatu. Ana usonji. Neno hilo hapa Iguguno tulilisikia yeye akiwa na miaka saba. Kabla ya hapo aliitwa tu yule mtoto wa fundi asiyesema. Usonji wenyewe sitaueleza, wapo waliosomea. Na si usonji uliotumaliza. Kutosema kwake tulishazoea. Kuzungusha vifuniko vya ndoo kutwa nzima tulishazoea, na mama yake alikuwa na vifuniko vyake na Rehema ana vyake. Kilichotumaliza ni hasira zilizomwingia alipoanza kuwa msichana. Alikuwa akijing'ata mkono palepale kila siku, chini kidogo ya kiwiko, mpaka pakaota sugu nyeusi. Akaanza kupiga kichwa ukutani. Halafu akaanza kupiga watu.

Naendesha mashine ya kukamua alizeti, hapa karibu na barabara ya lami. Kuanzia Juni mpaka Septemba wakulima wanapanga magunia nje na mimi sina siku ya kupumzika isipokuwa Jumapili. Basi ilikuwa Jumapili ya Agosti, mwaka juzi. Tumetoka kanisani, shangazi wa mke wangu amekuja kututembelea. Tukamkaribisha, Rehema nikamsogeza amsalimie, akasalimiwa, shangazi akanywa chai akaondoka. Haikupita muda, Rehema akamrukia mdogo wake, Tumaini, aliyekuwa na miezi minane, amekaa mkekani anachezea kijiko. Alimpiga na mfuniko wa sufuria. Tumaini alichanika juu ya jicho.

Nilimchapa Rehema. Sitaficha, maana nikificha hapa maandishi haya hayatamsaidia mtu. Nilimchapa kwa mkanda mpaka mama yangu mzazi, tunayeishi naye, akaja kujilaza juu yake. Kesho yake asubuhi mke wangu alimfunga Tumaini mgongoni, akachukua mfuko wa nguo, akapanda bajaji kwenda kwao Kinyangiri.

"Nitarudi nyumba ikitulia," alisema. "Siwezi kukaa nimekodoa macho kila siku."

Nilijibu vibaya. Nikasema aende, mimi na mtoto wangu tutaishi. Lakini nilimpenda mke wangu, na nampenda, na tangu bajaji ile ilipogeuka kuelekea Kinyangiri sikuwa na haja nyingine duniani ila arudi yeye na Tumaini, na Rehema awe mtu wa kukaa nao nyumba moja. Ndiyo maana nilikwenda hospitali. Kabla ya hapo nilikuwa nasema hospitali ni ya wagonjwa, huyu ana ukaidi tu.

Zahanati walituandikia twende hospitali ya mkoa, Singida mjini, kuna kliniki siku maalumu. Siku ya kwanza nilikaa kwenye benchi nimemshika Rehema kifundo cha mkono kwa nguvu zangu zote. Watu wakatuachia nafasi kushoto na kulia. Feni ya darini ilikuwa inalia kwi, kwi, na kila ikilia Rehema anajipiga paja. Mimi nikawa nahesabu waliotutangulia: kumi na tisa. Nilitamani kuondoka kila dakika.

Mama mmoja wa Ikungi alikuwa amekaa benchi la mbele na binti yake mkubwa aliyevishwa soksi mikononi. Aligeuka akanitazama.

"Baba, ni mara yako ya kwanza hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Inaonekana. Ukiendelea kumshika hivyo utamng'oa mkono. Kadi yako iweke hapa kwenye mapaja yangu, umtoe nje akazunguke. Ikifika zamu nitakuja kukuita."

"Na zamu yangu ikipita?"

"Itapitaje, nami nimekaa hapa? Hebu nenda, wewe ndiye unayepumua vibaya kuliko yeye."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu Agosti. Tulizunguka nyuma ya jengo saa mbili nzima, na yule mama alikuja kutuita kama alivyosema. Jina lake silijui mpaka leo. Ukienda kliniki na mtoto wa namna hii, jambo la kwanza ni hilo: mtafute mtu wa kukaa na kadi yako, wewe ukae nje.

Daktari alikuwa binti mdogo kwangu, na hilo nalo lilinikera. Hakuanza na dawa. Alimchungulia masikio, akamwangalia meno, akauliza choo, akauliza kama ameshaanza hedhi na kama siku hizo hali inazidi. Mimi nikawa nagonga gonga mguu. Mwishoni akaandika vidonge. Jina la dawa ni refu, nyumbani hatukuliweza, tukaviita nusu, kwa sababu Rehema alikuwa ameze nusu kidonge jioni.

"Usiache ghafla bila kuniambia," daktari alisema. "Na usizidishe."

Nusu tulimfichia kwenye tonge la ugali na mlenda. Wiki mbili za kwanza zilikuwa mbaya kwa namna nyingine. Alilala mpaka jua linapanda, akiamka anatembea kama mtu aliyebeba mzigo, na mate yanamchuruzika yanalowesha gauni kifuani. Hapigi mtu, hajing'ati, hazungushi hata kifuniko. Nilimfuta mate na kanga ya mama yake na nikalia. Niliona nimemwibia mtoto wangu kitu nisichojua namna ya kukirudisha. Mama yangu alitaka tuviache. Nilipiga simu kwa daktari, akasema tuvumilie kidogo, usingizi utapungua. Ulipungua. Kufikia mvua za kwanza alikuwa anaamka nasi, na hasira zilizokuwa mara nne au tano kwa siku zikawa mara moja, siku nyingine hakuna. Mama akasema basi amepona, dozi imekwisha, tuweke vilivyobaki kwa ajili ya mwakani. Nilimkatalia kwa sauti mbaya, kisha nikamwomba radhi.

Nilikuwa nampigia mke wangu kila Jumamosi. Alikuwa anauliza maneno matatu: Rehema amekula, Rehema amelala, na wewe je? Mimi najibu kuhusu Rehema tu. Habari zangu sikuona kama zinahusika.

Kisha njaa ikaja. Nusu inamfanya mtu ale. Januari na Februari huku kwetu ghala linaonekana sakafu, kila nyumba inapima unga kwa kikombe, na mtoto wangu ndio kwanza anafungua sufuria zote za jikoni. Mama akawa anaficha ugali chini ya kitanda, kana kwamba ni bangi. Rehema alinenepa uso, akanenepa tumbo, gauni la kanisani likafumuka mishono ya ubavuni. Mama alilitanua kwa kipande cha kitenge cha rangi nyingine. Kwenye mizani ya kliniki daktari alikunja uso.

"Atembee," alisema. "Kila siku, asubuhi na jioni. Umtafutie kazi ya kutembea."

Tukaanza kwenda naye bombani kuchota maji. Ni mwendo mzuri, unapita nyumba sita. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika tena. Machi nzima ilikuwa vita. Anarudi bombani amemwaga ndoo, anajing'ata palepale penye sugu mpaka damu inatoka, amempiga mama yangu kifuani, amenivunjia redio. Nikaona nusu imechoka. Siku ya kliniki niliingia kwa daktari hata sijakaa.

"Niongezee. Mpe kizima. Mpe viwili."

"Kaa kwanza, Baba Rehema."

"Nimekaa miezi saba. Mke wangu yuko kwao. Nipe kitu kitakachomnyamazisha."

"Naweza kuongeza," alisema, "na alale tena mpaka saa nne, na mate, na njaa. Lakini kidonge hakimfundishi wala hakimwondolei kinachomuudhi, kinampunguzia makali tu. Nipe wiki nne. Kila akichafuka, andika kilichotokea kabla. Usiandike alichofanya yeye, hicho tunakijua. Kilichotokea kabla yake."

Nilitoka nimekasirika. Nimeenda kuomba dawa, nimepewa kazi ya shule. Lakini niliandika, nyuma ya daftari la mashine, kwa sababu sikuwa na ujanja mwingine. Jumatatu, kwenda bombani. Jumanne, kwenda bombani. Jumapili, nje ya kanisa. Alhamisi, fundi wa mashine kaja nyumbani. Niliandika kila kitu, nani alikuwepo, tulisema nini. Wiki nne zilipotimia nilikuwa na kurasa sita na sioni kitu.

Mama hajui kusoma. Alikuwa anapukuchua mahindi mabichi uani, akasema nimsomee na yeye asikie huyo daktari anataka nini. Nikaanza kumsomea. Jumatatu, kwenda bombani, Mzee wa nyumba ya bati kamsalimia, nikampigisha goti. Jumanne, kwenda bombani, Mama wa kilabuni kamsalimia, kamshika mkono, kamuuliza habari za mama yake. Jumapili, nje ya kanisa, wazee wa kanisa wamesalimiwa mmoja mmoja. Nilipofika ukurasa wa tatu mama aliacha kupukuchua.

"Mbona kila mahali pana shikamoo?" aliuliza.

Lazima nieleze nilivyolelewa, na kama wewe ni wa huku hutahitaji maelezo. Mtoto akikutana na mkubwa anakunja goti kidogo, anasema shikamoo, anatoa mkono, na mkono haurudi mpaka mkubwa mwenyewe auachie. Mkubwa anaweza kuushika huku anauliza habari za ng'ombe, za mvua, za nyumbani. Rehema hasemi. Kwa hiyo mimi, baba mwenye adabu zake, nilikuwa namkandamiza bega mpaka goti likunjike, nachukua mkono wake namkabidhi mkubwa, na shikamoo naisema mimi huku nimemshikilia. Watu walinisifu. Walisema yule fundi mtoto wake hana akili lakini amemfunza heshima. Na kila alipochafuka nikaona ni adabu imepungua, nikamrudisha siku ile ile kwa aliyemwona, ampe mkono tena, aombe radhi. Nyumba sita kwenda, nyumba sita kurudi, asubuhi na jioni, mtoto ambaye tangu utotoni akiguswa mkono anajikunja. Na yule shangazi wa Agosti, alikuwa amemshika mkono muda wote alipokuwa akingojea chai ipoe. Hilo nililikumbuka nikiwa nimekaa mbele ya mama na daftari mkononi, na nikajisikia vibaya sana.

Daktari alisoma kurasa zote sita bila haraka.

"Hili la kusalimia liacheni," alisema. "Asiguswe. Nusu ibaki ilivyo."

"Niache mtoto wangu aonekane hana adabu?"

"Baba Rehema, kati ya adabu na mkono wake kupona, utachagua nini?"

Kwenye gari la kurudi nilikuwa nagombana naye kichwani mpaka Iguguno.

Kumeza kidonge ni rahisi. Kwenda nyumba sita kumwambia mkubwa kwamba mwanao hatamsalimia, na yeye asimguse, hiyo ilinitoa jasho. Nilikwenda peke yangu, jioni moja, nyumba kwa nyumba. Mama wa kilabuni alicheka akasema hata yeye akishikwa mkono na walevi anatamani kung'ata. Wengine walisema sawa, ingawa usoni haikuwa sawa. Mzee wa nyumba ya bati alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama hospitali ndiyo inayotufundisha siku hizi kudharau wazee, na toka siku ile salamu yangu anaiitikia kwa kichwa. Nilipata njia yangu: nilipopita na Rehema nilikuwa nasalimia mara mbili. "Shikamoo mzee. Na hii ya Rehema, shikamoo." Rehema yuko nyuma yangu hatua tatu, anaangalia mawe. Mwanzoni nilijiona mjinga kweli.

Haikuwa muujiza. Mwishoni mwa Aprili alivunja dirisha. Lakini kuanzia Mei nilianza kuona ngozi ya kawaida ikirudi chini ya kiwiko, na nikajifunza kitu ambacho miaka kumi na miwili sikukiona: kabla hajachafuka mabega yake yanapanda taratibu kuelekea masikioni. Ukiyaona mabega, una kama dakika moja. Unamwondoa mahali hapo, hushiki mkono, unatangulia na yeye anafuata. Nilimpeleka mashineni, akatia mikono kwenye mashudu ya moto yaliyotoka kukamuliwa, akatulia. Siku moja mabega nilichelewa kuyaona, akanizaba kofi mbele ya wateja, na mkono wangu mimi ukapanda hewani wenyewe. Niliushusha. Wateja waliona.

Juni, mwanzo wa baridi, mke wangu alisema kwenye simu, "Njoo naye tuone."

Tulikwenda Kinyangiri asubuhi kwa bajaji, Rehema na mashudu yake niliyomfungia kwenye kitambaa mapajani. Mkwe wangu ni mzee mkali, alikuwa mwalimu wa dini, na kwake mtoto asiyesalimia hapewi chakula. Tulimkuta uani kwenye kiti chake. Nilipiga goti mimi mwenyewe, mtu mzima na ndevu zangu.

"Shikamoo baba. Na hii ya Rehema, shikamoo."

"Marahaba yako," alisema. "Ya kwake aje ailete." Akanyoosha mkono.

Rehema alikuwa nyuma yangu. Nilisogea nikasimama katikati ya mkono wa mzee na mtoto wangu. Kumzibia mkwe njia ni jambo ambalo sikuwahi kuliwaza maishani.

"Baba, naomba usimshike mkono. Unamuumiza, si kwa kupenda kwako. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi."

"Ana miaka kumi na miwili, hana mdomo?"

"Hana, baba."

Mkono ulibaki hewani. Kisha akaurudisha, akainuka, akaingia ndani akafunga mlango. Nikajua nimeharibu kila kitu.

Mke wangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni na Tumaini kiunoni. Alikuwa ameona yote. Alinipa mtoto. Tumaini alikuwa hanijui tena. Alinitazama, akafungua mdomo, akalia kwa sauti yake yote, na nilipogeuka mabega ya Rehema yalikuwa yameshaanza kupanda. Nilimrudisha Tumaini kwa mama yake, nikatangulia kuelekea kwenye miti ya minyaa mwisho wa ua, na Rehema akafuata. Alijipiga paja. Alipiga kelele mara mbili. Akanipiga mgongoni, ngumi moja yenye uzito. Nilisimama tu, nikaangalia ng'ombe wa jirani wanakwenda malishoni, nikangoja. Ilichukua muda, sijui kiasi gani. Kisha akakaa chini na kutia mikono kwenye kitambaa chake.

Tuliporudi, mfuko wa nguo ulikuwa nje.

"Zamani ungemchapa," mke wangu alisema.

"Ndiyo."

"Mimi Rehema sikumkimbia. Nilimzaa mwenyewe, namjua. Nilikukimbia wewe na mkanda wako, nikaogopa na huyu mdogo akikua utamfanya vilevile." Alikuwa analia. "Twende nyumbani."

Nilichukua mfuko nikaupeleka kwenye bajaji, nikarudi kuaga, maana huwezi kuondoka na binti ya mtu bila kuaga. Niligonga mlango. Mzee hakufungua.

"Baba, tunaondoka. Mama Rehema na Tumaini naondoka nao."

"Nimesikia," alisema kutoka ndani. Nikadhani amemaliza. "Na huyo mjukuu wangu mkubwa anaaga vipi?"

"Haagi, baba."

Nilisikia kiti kikikwaruza sakafu, nikasogea nyuma, lakini mlango haukufunguliwa.

"Basi mwambie babu yake ameaga."

Nikarudi kwenye bajaji, nikamwambia Rehema.